Kabla Hujailipia: Namna ya Kuipima Muvinghedi Mpya

Dukani hakuna muvinghedi mbaya, yaani ile taa ya jukwaani yenye kichwa kinachojigeuza chenyewe. Muuzaji anafunga mapazia, anapuliza moshi kidogo, anabonyeza programu ya maonyesho iliyomo ndani ya taa yenyewe, na mwale unaanza kucheza ukutani: nyekundu, buluu, gobo (kisahani cha kuchora umbo kwenye mwanga) la nyota, prizimu (kioo kinachogawa mwale) inazunguka. Dakika tano tu, mteja ameshatoa hela.

Mimi nilitoa hela namna hiyo kwa taa nne. Kazi ya tatu ilikuwa harusi, ukumbi wa Mbezi, watu kama mia nne. Mpaka saa mbili usiku taa zote zilikuwa zinatii. Saa tatu maharusi wakafika mlangoni, MC ameshawasimamisha watu, nikabonyeza kitufe cha kuwapokea. Taa tatu zikageukia mlango, ya nne ikamulika dari. Nikahangaika kuirudisha kwa mkono kwenye konso, yaani meza ya kuendeshea taa, ikakaa pembeni ya mlango kwa mita nzima. Bwana na bibi harusi waliingia nusu wakiwa gizani, na picha zao za mlangoni ziko hivyo mpaka leo. Kesho yake niliifungua nikakuta mkanda wa kugeuza kichwa umelegea. Taa ikiwa ya baridi mkanda ulishika, ikipata joto ukawa unaruka meno. Dukani taa ile iliwashwa dakika tano. Ugonjwa wake ulihitaji saa mbili kujitokeza.

Tangu hapo kila taa mpya, iwe ninayotaka kununua mwenyewe au niliyoombwa na kanisa au kampuni ya sherehe niiangalie, naipitisha njia moja, na nasoma majibu yake ikiwa moto. Kazi hii inakula siku moja. Kwa kifaa ambacho utakitundika juu ya vichwa vya watu kwa miaka mitano, siku moja si nyingi.

Andaa chumba na vifaa

Tafuta ukumbi wenye giza la kweli na ukuta mweupe, wenye urefu usiopungua mita 10. Ukumbi wa kanisa katikati ya wiki unafaa sana, hasa usiku. Beba kipima mwanga kinachosoma luksi (kiasi cha mwanga unaofika mahali), futi ndefu, tepu ya karatasi, multimita, mita ya wati ile ya kuchomeka ukutani, mizani ya mizigo, na simu inayorekodi mwendo wa polepole. Kwa kuendesha taa, konso yoyote unayoizoea inatosha. Kama huna, kompyuta mpakato yenye QLC+, ambayo ni programu ya bure, pamoja na kifaa cha kutoa DMX (mawimbi ya amri za taa) kupitia USB, vitakufikisha.

Ongeza vitu viwili ambavyo watu husahau. Cha kwanza ni taa yako ya zamani unayoijua vizuri, uisimamishe kando ya hii mpya. Macho hayana kumbukumbu ya mwanga. Ukiangalia taa moja peke yake gizani itakuridhisha, lakini ukiziweka mbili ukuta mmoja utaona tofauti hapo hapo. Cha pili ni kanga yenye wekundu mzito, na kitambaa cheupe cha gauni. Nitaeleza chini.

Halafu fungua daftari. Andika jina la taa, namba yake ya utengenezaji, toleo la programu yake, tarehe, na joto la chumba. Bila joto la chumba namba zako za Dar es Salaam mwezi wa pili hazitalingana na za Arusha mwezi wa saba.

Hatua ya 1: Ikague kabla ya kuichomeka

Ipime uzito. Kuna taa ambazo karatasi yake inasema kilo 18 na mizani inasema 22, na ukitundika kumi na mbili kwenye trasi moja, ile fremu ya chuma ya kutundikia taa, hiyo tofauti ni kilo 48, yaani mtoto wa darasa la kwanza na mwenzake.

Tikisa kichwa taratibu huku taa imezimwa. Usisikie kitu kinachogonga ndani. Angalia kufuli za kusafirishia, ya kugeuka na ya kuinama: zikae imara zikifungwa, na ziachie bila kulazimishwa. Angalia tundu la waya wa usalama kama limefungwa kwenye chuma cha kitako au kwenye plastiki ya pembeni. Ni chuma au hakuna biashara. Vishikio vya chini vinavyofungwa kwa robo mzunguko vijaribu mara kumi, na pini zake ziruke kwa mlio ule ule kila mara.

Sasa multimita. Iweke kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya bodi isiyopakwa rangi. Isizidi omu 1. Mara nyingi utasoma 0.1 au 0.2. Ikizidi omu 1 au isiposoma kabisa, usiichomeke. Funga boksi, rudisha. Nimekutana na taa mpya ambayo waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na fundi angeshika trasi kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine.

Soma na kibandiko cha nyuma. Tafuta herufi *ta* ikifuatiwa na nyuzi joto: hicho ndicho kiwango cha juu cha joto la hewa ambamo mtengenezaji anasema taa ifanye kazi. Nyingi zimeandikwa 40 au 45. Chini ya turubai la hema mchana wa Dodoma, au dari ya ukumbi uliojaa watu pwani, 40 inafikiwa bila taabu. Angalia pia IP, namba ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji. IP65 imezuia vumbi lote na inastahimili maji ya kurushwa. Taa ya IP20 hakuna "inavumilia mvua kidogo", hata muuzaji aape.

Hatua ya 2: Iwashe, na uanze kuhesabu saa

Ichomeke kupitia mita ya wati. Sikiliza inavyojipanga: kichwa kitazunguka, kitainama, magurudumu ya rangi na gobo yatajitafuta. Hesabu sekunde mpaka itulie. Irudie mara tatu. Kama mara moja kati ya tatu imegonga kwenye kizuizi cha mwisho au imetoa ujumbe wa hitilafu, andika. Itafanya hivyo tena siku ya kazi.

Ipeleke kwenye mwanga mweupe mtupu, dima (kipunguza mwanga) 100, zumu (upana wa mwale) nyembamba, na usome wati. Hapo kuna jambo ambalo limewachomea watu jenereta. Usisome wati peke yake, soma na ampea. Taa ya wati 450 kwenye volti 230 ingepaswa kuvuta ampea 2 hivi. Lakini kama pawa fakta yake, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, ni 0.6, itavuta ampea 3.3. Taa kumi za namna hiyo ni ampea 33, wakati wewe kwenye karatasi ulipanga 20, na swichi kuu itaruka katikati ya wimbo. Taa iliyotengenezwa vizuri ina pawa fakta ya 0.9 kwenda juu, na mita ya bei ya kawaida inakuonyesha.

Sasa iache iwake hivyo hivyo kwa saa nzima. Muuzaji wangu mmoja alishawahi kuniambia, "Kaka, hii inapiga mpaka Kigamboni, unasubiri nini?" Nikamjibu, "Bosi wangu, tunywe chai kwanza, ikifika saa moja nitakuambia kama inafika hata Magogoni." Usione aibu kusubiri. Anayejiamini na bidhaa yake ataleta viti.

Hatua ya 3: Pima mwanga, baridi na moto

Simamisha kipimaji katikati ya duara la mwanga, mita 10 kutoka kwenye lenzi, na usikisogeze tena. Soma dakika ya kwanza, ya 5, ya 10, ya 20, ya 30 na ya 60. Kwa taa za LED namba itashuka, kwa sababu LED ikipata joto hutoa mwanga pungufu, na programu ya ndani nayo huanza kuibana ili isiungue. Swali ni kiasi gani, na kama inafika mahali ikatulia. Mimi nakubali kushuka kwa asilimia 10 iliyotulia ifikapo dakika ya 20. Ikishuka 15 naandika kwa wino mwekundu. Ikiendelea kushuka mpaka dakika ya 60 bila kutulia, maana yake mfumo wa kupoza haujaiweza taa hiyo, na sitaki kujua itakuwaje dakika ya 180. Kwa taa za balbu ya gesi hali ni kinyume: zinahitaji dakika kadhaa kufika nguvu kamili, kwa hiyo usomaji wako wa kwanza uwe dakika ya 5.

Namba ya dakika ya 60 ndiyo ya kulinganisha na karatasi ya mtengenezaji. Hapa uwe macho. Luksi hushuka kwa mraba wa umbali, kwa hiyo luksi 6,000 za mita 10 ni sawa na 24,000 za mita 5 na 1,500 za mita 20. Karatasi moja itatangaza luksi za mita 5, nyingine za mita 20, na mnunuzi atachukua yenye namba kubwa. Zidisha luksi kwa umbali mara umbali ili upate kandela, nguvu ya mwale wenyewe bila kujali umbali, kisha linganisha kandela kwa kandela. Taa za mwale mwembamba zenye lenzi pana zipime mbali kadiri ukumbi unavyoruhusu, maana karibu sana hesabu hii inadanganya.

Na usinunue wati. Mwaka 2010 kampuni ya Clay Paky ya Italia ilitoa Sharpy, taa yenye balbu ya wati 189 tu. Ilitangazwa kutoa karibu luksi 60,000 kwa mita 20, kwa sababu mwanga wote ulikuwa umekusanywa kwenye mwale mwembamba mno. Taa hiyo hiyo ukiitaka ioshe kwaya ya watu thelathini haifai kitu. Kwa hiyo pima na upana. Tafuta katikati ya duara, kisha sogeza kipimaji kwenda pembeni mpaka kisome nusu ya katikati, tia tepu. Endelea mpaka kisome sehemu moja ya kumi, tia tepu nyingine. Duara la tepu ya pili ndilo eneo la kazi. Kwa mita 10, duara la mita 1.75 ni nyuzi 10, la mita 3.5 ni nyuzi 20, la mita 7.3 ni nyuzi 40. Fanya hivyo zumu ikiwa nyembamba kabisa na ikiwa pana kabisa. Mara nyingi utakuta taa iliyoandikwa "5 mpaka 50" inaanzia 7 na kuishia 42, na kwenye upana ina doa jeusi katikati.

Hatua ya 4: Rangi, na nyuso za watu wetu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote, na ndipo karatasi zinaposaidia kidogo zaidi. Taa nyingi za LED zenye nguvu zimejengwa kwa mwanga mweupe wa baridi, kelvini 7,000 au zaidi, wenye buluu nyingi na wekundu haba. Kwenye ukuta mweupe huoni kasoro. Mulika mtu mweusi wa rangi ya kawaida ya hapa kwetu na utaona uso umekuwa wa kijivu, kama mtu aliyetoka kuumwa malaria. Kamera inazidisha.

Kipimo cha CRI kinachoandikwa kwenye boksi, cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu, ni wastani wa sampuli nane za rangi zilizopauka. Wekundu mzito, ambao wataalamu huuita R9, haumo kwenye wastani huo. Ndiyo maana taa yenye CRI 80 inaweza kuua wekundu kabisa. Huhitaji mashine ya bei mbaya kuligundua hilo. Tandika ile kanga nyekundu ukutani, mulika nusu kwa taa yako ya zamani na nusu kwa hii mpya. Wekundu ukigeuka kahawia au ukafifia kama uliofuliwa sana, jibu umepata. Kisha tandika kitambaa cheupe cha gauni. Ukiona ukijani kwenye mikunjo, bibi harusi atauona kwenye picha. Malizia kwa kumsimamisha mwenzako na kumpiga picha kwa simu, uso na mikono, taa ikiwa imefifishwa mpaka isichome macho.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye rangi zenyewe. Nyekundu tupu, buluu tupu na kijani tupu karibu kila taa inazo. Kazi ngumu ni rangi laini: waridi hafifu, kaharabu, zambarau ya maziwa. Zichanganye kwa siani, majenta na njano ukiwa umeweka kwa asilimia 10 hadi 20 tu, na utazame ukutani. Taa dhaifu itatoa duara lenye waridi upande mmoja na weupe upande mwingine. Zitembeze rangi kutoka moja kwenda nyingine kwa sekunde 10: zisiruke, na zisipitie rangi nyingine njiani.

Kama umeletewa taa zaidi ya moja, ziwashe zote nyeupe ukuta mmoja. Zisipofanana zikiwa mpya boksini, hazitafanana tena maisha yao yote.

Hatua ya 5: Mwendo

Taa inayotembea yenyewe imevuma jukwaani tangu Septemba 1981, Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, walipoanza ziara yao Barcelona, kwenye uwanja wa mapambano ya ng'ombe, na taa za Vari-Lite zilizobuniwa na mafundi wa Dallas. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na bado muvinghedi nyingi zinaangukia hapa.

Taa kwa sasa imeshawaka saa nzima. Usiizime.

Fanya mwale uwe mwembamba, ulenge ukuta wa mita 10, ubandike msalaba wa tepu katikati ya nukta ya mwanga. Hifadhi mkao huo. Andika programu ya mienendo kumi ya haraka, mbali na karibu, juu na chini, iache izunguke nusu saa. Kisha iite irudi kwenye msalaba. Irudishe kutokea kushoto, pima umbali kati ya nukta na msalaba. Irudishe kutokea kulia, pima tena. Kwa umbali huu sentimita 1 ni takriban nyuzi 0.06. Sentimita 1 au 2 ni taa nzuri. Sentimita 5 ni mahali ambapo uso wa mhubiri unaanza kutoka kwenye mwanga. Kama ikitokea kushoto inakaa pengine na ikitokea kulia inakaa pengine, tatizo ni mkanda au meno. Kama imehama tu na inazidi kuhama kila mzunguko, mota inapoteza hatua na sensa, kihisi cha mkao wa kichwa, haijui.

Jaribu hiyo sensa. Taa ikiwa imetulia, sukuma kichwa kwa mkono, polepole lakini kwa nguvu ya kutosha, mpaka kihame, kisha achia. Kirudi chenyewe mahali pake. Fundi akipita na ngazi akakigonga, hicho ndicho kitakachotokea.

Halafu mwendo wa polepole. Wanunuzi wanapenda kasi, na kasi ni rahisi kuiona: rekodi kwa simu mzunguko wa nyuzi 180, tazama kama kichwa kinasimama kimya au kinayumba mara mbili tatu kabla ya kutulia. Lakini taa inaumbuka kwenye utulivu. Iamuru isogee nyuzi 30 kwa sekunde 60, tazama nukta ukutani. Inatiririka, au inaruka kama mshale wa saa? Hakikisha kwanza umeweka biti 16, yaani amri ya mkao iliyogawanywa kwa hatua ndogo zaidi. Kwa biti 8, pani (kugeuka kushoto na kulia) ya nyuzi 540 imegawanywa mara 256, kila hatua ni nyuzi 2.1, na kwa mita 20 hiyo ni kuruka kwa sentimita 74. Kwa biti 16 hatua ni 65,536, na kwa umbali ule ule kila moja ni kama milimita 3. Kuna taa zinazojiandika biti 16 lakini mota zake haziwezi kuzitumia. Jaribio hili linazifichua.

Mwisho itundike. Kila ulichofanya chini kirudie kwa ufupi kichwa kikiwa kinaning'inia, maana uzito sasa unavuta upande mwingine. Ile taa yangu ya Mbezi sakafuni ingefaulu.

Hatua ya 6: Gobo, prizimu, frosti

Hapa siendi kwa undani sana. Weka gobo lenye mistari, lifokasi katikati, kisha tazama kingo: mistari ya pembeni isiwe ukungu. Lizungushe kwa dakika moja, lirudishe kwenye mkao wake, mstari wa wima uwe wima. Ingiza prizimu na uone kama picha zake zimepangika sawasawa kuzunguka katikati. Frosti, kichujio cha kulainisha mwale, iingie taratibu bila kukata duara kwa mstari. Ingiza zumu huku gobo likiwa kwenye fokasi. Taa nzuri itakaa karibu na fokasi, mbaya itakulazimisha kuifokasi upya kila unapogusa.

Hatua ya 7: Dima na kamera

Siku hizi hakuna sherehe isiyorushwa moja kwa moja. Kwa hiyo zima taratibu, kutoka 100 hadi sifuri kwa sekunde 60, ukitazama zaidi sekunde kumi za mwisho. LED nyingi zinashuka vizuri mpaka asilimia 5, halafu zinakatika ghafla kama mshumaa uliopulizwa. Kwa tamasha si neno. Kwa tamthilia, au maombi ya usiku yanayoishia kimya, ni aibu ambayo kila mtu ukumbini anaiona.

Sasa weka dima asilimia 10 na urekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, fremu 120 kisha 240. Mistari myeusi ikipita kwenye picha, ingia kwenye menyu ya taa utafute masafa ya kuwasha na kuzima LED, uyapandishe kutoka hezi 1,200 kwenda maelfu ya juu. Mistari ikiisha, vizuri. Angalia tu kama mwanga haujapungua au rangi kubadilika. Kama menyu haina chaguo hilo na mistari ipo, taa hiyo haiwezi kazi ya kamera.

Hatua ya 8: Kelele

Zima feni za chumba na viyoyozi. Simama mita 1 kutoka kwenye taa iliyo moto, kisha kaa kwenye kiti cha mstari wa mbele. Unasikia? Tangazo la desibeli huwa limepimwa taa ikiwa kwenye hali ya ukimya, ambayo mara nyingi inapunguza mwanga, kwa hiyo pima luksi tena ukiwa kwenye hali hiyo. Kwa tamasha la muziki usipoteze muda na hatua hii.

Hatua ya 9: DMX na umeme unaokatika

Iweke katikati ya mnyororo wa taa zako za zamani, si peke yake mwanzoni. Mwisho wa mnyororo chomeka taminata (kizuizi cha kufunga mwisho wa waya) ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Kama taa za nyuma yake zinaanza kutetemeka ilhali hazikuwa zinatetemeka jana, bodi ya mawasiliano ya hii mpya ina kasoro. Chomoa kebo ya DMX ghafla: taa ibaki ilipo, au izime, kama ulivyochagua kwenye menyu. Isianze kucheza programu yake yenyewe mbele ya kwaya.

Hesabu chaneli. Yunivasi moja, yaani mnyororo mmoja wa DMX, ina chaneli 512. Ukitumia mtindo wa chaneli 38 unaingiza taa 13 tu. Kwa chaneli 16 unaingiza 32. Hakikisha konso yako inaijua taa hii, au mtengenezaji anatoa faili la GDTF, linaloieleza konso taa hiyo. Kisha jaribu chaneli moja moja uone kama kilichoandikwa kwenye kitabu ndicho kinachotokea. Vitabu vya taa za bei nafuu mara nyingi ni vya toleo lililopita.

Halafu kata umeme. Kata kabisa ukutani, subiri sekunde 15 kama unangoja jenereta, rudisha. Taa ya LED inapaswa kujipanga na kurudi kwenye mkao ilioamriwa ndani ya dakika moja hivi. Ya balbu ya gesi haitawaka mpaka ipoe, na ni vizuri ujue ni dakika ngapi kabla hujaitegemea kama mwanga pekee wa jukwaa.

Hatua ya 10: Ifungue

Chomoa, acha ipoe nusu saa, toa mifuniko. Skrubu zibaki zimening'inia kwenye mfuniko. Zinazodondoka zitakuangukia jukwaani. Angalia nyaya zinazopita kwenye maungio: zimefunikwa, au zinasuguana na chuma? Shika mikanda, iwe imekazwa sawa pande zote. Jaribu kutoa feni moja na gobo moja ukitazama saa. Kama feni inahitaji kung'oa bodi tatu, fikiria ukiifanya saa nane mchana siku ya kazi.

Kwa sisi wa pwani, Tanga, Unguja, Mombasa, angalia kutu. Skrubu za chuma cha kawaida na mapezi ya alumini yasiyopakwa kitu yataanza kuliwa na chumvi ndani ya msimu mmoja. Lakini taa ya IP65 usiifungue kwa udadisi. Ukivunja mpira wake wa kuziba bila kifaa cha kupima mgandamizo, umeshaifanya isiwe IP65 tena.

Kabla ya kusaini

Muulize muuzaji bei ya vitu vinne: balbu au moduli ya LED, feni, mota ya pani, na bodi kuu. Muulize pia vitafika lini. Taa nyingi za bei nafuu zinatoka Guangzhou, na kipuri kisichokuwepo Dar kinaweza kukugharimu mwezi mzima wa taa iliyolala stoo. Anayejibu "utapata tu" hana.

Ukinunua nane, usikubali kipimo cha ile moja aliyokuletea mezani. Chagua wewe mwenyewe boksi lingine lililofungwa, ulifungue, uipitishe hatua ya 2, ya 3 na ya 5. Andika namba zake za utengenezaji kwenye risiti.

Zikifika nyumbani, kazi mbili za kwanza zitundike kando ya taa zako za zamani, zikisaidia tu, zisibebe mlango wa maharusi. Menyu ya taa ikionyesha saa 100 za kuwaka, rudi kwenye ukumbi ule ule, mita 10 zile zile, subiri dakika 60, na uandike luksi kwenye ukurasa ule ule wa daftari, chini ya namba ya siku ya kwanza.